Je, Mwili Wangu ni Wangu Peke Yangu?



Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumza juu ya fedha za nyumbani, wakwe, malezi ya watoto na uaminifu. Leo nawaomba tuzungumze juu ya sahani. Msicheke. Ugomvi mwingi wa nyumba zetu hapa Makadara na Mji wa Kale siku hizi huanzia mezani, na chanzo chake ni ugonjwa wa sukari, au hofu ya ugonjwa huo.

Ugomvi wenyewe huenda hivi. Mke amesikia mafundisho ya wauguzi, akarudi nyumbani na kupunguza sukari katika chai. Mume anaonja, anaweka kikombe chini na kusema: "Mama watoto, chai gani hii? Nakula jasho langu. Mwili ni wangu, na siku ya kufa ikifika ni kudra ya Mungu." Pengine mambo huwa kinyume. Mume ndiye mwenye hofu, na mke ndiye asemaye: "Baba nanihii, niache na mwili wangu. Tangu lini ukawa daktari?"

Mimi pia si daktari, ni katekista. Mambo ya vipimo na dawa nawaachia wenye ujuzi. Lakini ndani ya maneno hayo ya mezani mna swali ambalo daktari hawezi kutujibia, kwa sababu ni swali la dhamiri. Je, mtu aliyefunga ndoa aweza kusema kwamba mwili wake ni wake peke yake? Na kama si wake peke yake, mwenzake ana haki gani juu ya sahani yake?

UGONJWA WENYEWE NI UPI?

Kwanza tuelewane tunazungumza juu ya nini. Chakula tulacho, hasa wali, sima, mkate, viazi, mahamri na vitu vitamu, hugeuka kuwa sukari ndani ya damu. Kiungo kiitwacho kongosho hutoa insulini, nayo ni kama ufunguo wa kuifungulia sukari mlango iingie mwilini ikatumike kuwa nguvu. Ufunguo ukikosekana, au kitasa kikiwa kigumu, sukari hubaki katika damu. Ikikaa humo kwa miaka, huharibu polepole macho, figo, moyo na miguu.

Ugonjwa huu una aina zake. Aina ya kwanza huwapata zaidi watoto na vijana. Kongosho huacha kutoa insulini, na hilo halitokani na peremende wala uzembe wa mzazi. Aina ya pili ndiyo inayowapata watu wengi zaidi. Huja polepole, zaidi kwa watu wazima, na huchangiwa na uzito mkubwa, kitambi, kukaa bila kutembea, chakula kupita kiasi, na pia damu ya ukoo. Iko pia ile inayompata mama akiwa mjamzito. Mara nyingi hiyo huondoka baada ya kujifungua, lakini humwachia mama hatari kubwa zaidi ya kupata aina ya pili baadaye. Kwa hiyo mama aliyewahi kuipata asiache kupimwa tena, hata kama mtoto amekwisha kuanza shule.

Dalili ni kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara, uchovu, kukonda bila sababu, macho kuona ukungu, ganzi ya miguu, na vidonda vinavyokawia kupona. Lakini aina ya pili yaweza kukaa miaka bila dalili yoyote. Kipimo cha damu kabla ya kula asubuhi kikifika 7.0 au zaidi, daktari atarudia kupima ili ahakikishe kama ni kisukari. Je, wangapi tumepima? Katika utafiti wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015, karibu watu wazima 9 katika kila 10 walisema hawajawahi kupimwa sukari ya damu hata mara moja. Katika utafiti huo huo, wanawake karibu 4 katika kila 10 walikuwa na uzito uliozidi kiasi, na wanaume karibu 2 katika kila 10.

Tena ugonjwa huu si mgeni aliyekuja peke yake. Sisi wenyewe tulimfungulia mlango. Mwaka 1989 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania, na watu wazima waliokutwa na kisukari hawakufika mmoja katika kila 100. Mwaka 2009 ukachapishwa utafiti wa hapa Kenya. Miongoni mwa waliopimwa vijijini, wenye kisukari walikuwa kama 2 katika kila 100, na mjini kama 12. Watu wa mjini hawakuumbwa kwa udongo mwingine. Kilichobadilika ni mwenendo. Babu alitoka shamba kwa miguu akala muhogo na kunde. Mjukuu hupanda tuktuk kutoka Makadara hadi Marikiti, mwendo wa dakika chache tu kwa miguu. Asubuhi hula mahamri manne kwa chai ya sukari, mchana wali wa nazi, jioni viazi karai na soda. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai kama 7 au 8. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba sukari yote ya kuongezwa kwa siku nzima ingefaa isizidi vijiko kama 6. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Kwetu sisi, chovya chovya yamaliza kongosho.

KUDRA YA MUNGU?

Sasa tulitazame lile neno la mume mezani, "ni kudra ya Mungu." Ni neno la imani, na hapa kwetu, Wakristo na Waislamu, sote twalitamka. Hakuna aongezaye hata siku moja katika maisha yake Mungu asipopenda. Lakini neno jema laweza kutumiwa vibaya. Mtu asiyefunga mlango wake usiku, akaibiwa, haruhusiwi kuusingizia mpango wa Mungu.

Mwaka 1986, huko Uchina, katika mji wa Da Qing, madaktari waliwachagua watu zaidi ya 500 ambao sukari yao ilikuwa imeanza kupanda lakini hawajawa wagonjwa. Baadhi walifundishwa kula kwa kiasi na kufanya mazoezi kwa miaka sita, na wengine hawakupewa mafundisho hayo. Walipofuatiliwa kwa miaka 30, ilionekana kwamba waliobadili mwenendo walikawia kupata ugonjwa kwa karibu miaka minne, na waliishi muda mrefu zaidi. Kule Marekani utafiti wa watu zaidi ya 3,000, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba waliolenga kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuugua kwa asilimia 58. Walifanya vizuri kuliko waliopewa vidonge. Asilimia 7 kwa mtu wa kilo 80 haifiki kilo 6. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Hapo hapatakiwi fedha wala muujiza.

Miaka minne ni mingi. Yatosha kumsomesha mtoto mpaka ashike cheti chake, au kumwona binti akifunga ndoa. Mungu aliyeandika siku zetu ndiye pia aliyetupa akili ya kujua haya. Kumtwika yeye lile alilotukabidhi sisi si imani. Ni kukwepa wajibu.

Lakini tuseme na upande wa pili, maana ukweli una pande mbili. Asilimia 58 si asilimia 100. Wako watu waliokula kwa kiasi, wakatembea kila siku, na bado wakaugua kwa sababu ya damu ya ukoo. Kwa hiyo tumekabidhiwa sehemu, hatukukabidhiwa yote. Asemaye "yote ni kudra" anakosea, na anayemwambia mgonjwa "umejitakia" anakosea vilevile.

AHADI YA ALTARENI

Siku ya ndoa yetu tuliahidi mbele ya padre na mashahidi kwamba tutapendana tukiwa wazima na tukiwa wagonjwa. Wengi wetu tunaielewa ahadi hiyo upande mmoja tu, kwamba mwenzangu akiugua sitamkimbia. Ni kweli, na wako wake na waume wengi katika parokia zetu wanaoitimiza kwa machozi. Huamka usiku kumpeleka mwenzi msalani, humsindikiza kwenda kusafishwa damu kwa sababu figo zimekufa, huosha kidonda cha mguu kila asubuhi. Mungu awalipe.

Lakini ahadi ile ina upande wa pili. Ikiwa mwenzangu ameahidi kuniuguza, je, mimi nina haki ya kumpa kazi hiyo kwa uzembe? Yeye aliahidi kuubeba msalaba ukija. Hakunipa ruhusa ya kumchongea. Mume asemaye "mwili ni wangu" asahau kidogo mwili, afikirie miguu. Siku mguu utakapokatwa, nani atamwinua? Siku macho yatakapofifia, nani atamshika mkono avuke Barabara ya Digo? Kama mateso yatakuwa ya wawili, basi na sahani leo ni ya wawili.

Mtume Paulo, katika sura ya saba ya waraka wa kwanza kwa Wakorintho, afundisha kwamba mke hana mamlaka juu ya mwili wake mwenyewe, bali mumewe, na vivyo hivyo mume hana mamlaka juu ya mwili wake, bali mkewe. Wanaume wengi huipenda nusu ya kwanza, na huikumbuka hasa usiku. Wasome na nusu ya pili, na waisome mchana, wakati wa chakula. Kama mwili wa mume ni wa mkewe, basi mke hasemi mambo yasiyomhusu anapouliza ule mwili unalishwa nini.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki nayo, katika namba 2288, yafundisha kwamba uhai na afya ni zawadi tulizokabidhiwa na Mungu, na kwamba yatupasa kuzitunza kwa busara tukifikiria pia mahitaji ya wengine. Namba 2290 yataja fadhila ya kiasi, ituepushayo na ulaji wa kupindukia, pombe, tumbaku na hata matumizi mabaya ya dawa. Kwa hiyo kula kupita kiasi si jambo la daktari tu, ni la kuungama pia.

Lakini namba 2289 yatuonya tusiuabudu mwili. Wako watu, hasa siku hizi za picha katika simu, ambao kila kukicha wajipima kiuno, na humdharau mwenzi aliyenenepa baada ya kuzaa watoto wanne. Hao nao wamepotea. Mkristo hautunzi mwili ili usifiwe. Autunza kama chombo cha kutumikia, kama vile mvuvi atunzavyo mtumbwi. Haulambi wala hauabudu, lakini hauachi uoze ufukweni, kwa sababu watoto hula kutokana nao.

UPENDO WA SAHANI ILIYOJAA

Hapa pwani, kupenda ni kulisha. Mgeni akija hatumuulizi ana njaa, twamwekea. Mke mwema husifiwa kwa biriani yake, na mume mwema hujulikana kwa mfuko wa halua anaorudi nao. Sisemi desturi hii ni mbaya. Bwana wetu mwenyewe alipenda kuketi mezani na watu. Nasema tu kwamba upendo wetu umejifunza lugha moja, nayo ni lugha ya kujaza. Ni lazima sasa ujifunze na lugha ya kupunguza.

Jambo hili ni gumu kuliko tudhanivyo, kwa sababu ya maneno ya watu. Mume akiwa na kitambi, husemwa kwamba mkewe amtunza. Akipungua, jirani huuliza kama kuna amani nyumbani, na wengine hunong'ona kwamba ana ukimwi. Mke akikonda, ndugu zake husema anateswa. Hivyo mtu huogopa kupungua kilo sita zitakazomwokoa, kwa hofu ya ulimi wa jirani ambaye hatakuja kumuuguza. Wanandoa, kubalianeni ninyi wawili ndani, kisha walioko nje waacheni waseme.

Tena tuwe na haki. Si haki kumlaumu mama mpishi kwa kila kitu. Nani hununua? Nani hukasirika mboga ikizidi nyama? Nani huleta soda Jumapili? Mara nyingi mke hupika kile ambacho mumewe hatakigombea. Kwa hiyo mabadiliko ya jikoni yaanze kwa mazungumzo ya wawili, si kwa amri ya mmoja.

Yafaa kuanza na machache. Nusu ya sahani iwe mboga, kama mchicha, mabamia, kunde au sukuma wiki. Robo iwe wali au sima. Robo iliyobaki iwe samaki, kuku au maharagwe. Mbaazi ni chakula kizuri, taabu ni mahamri matano yanayozisindikiza na tui zito linalozielea. Samaki wa kuchoma amzidi wa kukaanga. Chai punguzeni nusu kijiko kila wiki mbili. Ulimi huzoea, na baada ya miezi mitatu ile chai ya zamani mtaiona kama uji wa sukari. Maji na yawe kinywaji cha nyumba, soda na iwe ya sikukuu. Hata sharubati ya matunda iliyotiwa sukari isiitwe dawa kwa sababu tu imetoka katika embe. Mvutaji wa sigara aache, maana sigara na kisukari vikishikana mikono huharibu moyo na mishipa upesi.

Na tembeeni pamoja. Jioni jua likipoa, mtoke mwende mpaka Mama Ngina, mpunge upepo wa bahari, mrudi kwa miguu. Wako mume na mke wakaao nyumba moja wasiozungumza nusu saa kwa wiki. Matembezi hayo yatawapa dawa mbili kwa mara moja.

Neno moja la mkazo. Akiugua mmoja, msimpikie chungu chake peke yake huku wengine wakila vinono mbele yake. Hiyo si tiba, ni adhabu. Chakula kimfaacho mwenye kisukari chawafaa wote nyumbani, hata watoto. Basi nyumba nzima ile chungu kimoja.

MWENZI ASIWE ASKARI

Tumesema mwili wa mmoja ni wa mwenzake. Je, mwenzake ageuke askari, apekue mifuko akitafuta kashata, ahesabu matonge, amwaibishe mbele ya wageni? Hapana. Paulo asema juu ya kukabidhiana, hasemi juu ya kunyang'anyana. Nilichokabidhiwa kwa upendo sikitawali kama mali. Tena fimbo haijamponya mtu tamaa. Humfundisha kujificha tu. Mume anayegombezwa nyumbani atakula kaimati kwa mama wa kibandani, na mke anayechekwa atakula gizani watoto wakilala. Hapo wanandoa wamepata ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza, nao ni uwongo.

Mwenzi aseme mara moja, aseme faraghani, na aseme kwa "mimi" na "sisi" badala ya "wewe." Mkimwambia mtu "wewe ni mlafi," mmefunga mlango. Mkimwambia "mimi naogopa kubaki peke yangu na watoto, twende tukapime sote wawili," ni nani atakataa? Na mtu akianguka siku moja arusini kwa jirani, akala sahani mbili za pilau, asihesabiwe. Sakramenti ya Kitubio yatufundisha kuanza upya, basi na meza yetu itufundishe hivyo.

MAMBO YA CHUMBANI

Sasa nagusa jambo ambalo wengi hulionea haya, lakini ukurasa huu ni wa watu wazima. Kisukari kisichotunzwa huharibu mishipa ya damu na ya fahamu, na wanaume wengi wenye ugonjwa huo hupungukiwa na nguvu za kiume. Wanawake nao hupata ukavu, maumivu na fangasi za mara kwa mara, hata tendo la ndoa likawa mzigo.

Basi tazama linalotokea. Mume haelewi mwili wake umepatwa na nini, na aona aibu kusema. Anaanza kuchelewa kurudi, au hujifanya amelala. Mke naye akiachwa hivyo miezi sita, akili yake huenda wapi? Huenda kwa mwanamke mwingine. Anapekua simu, analia, anawaambia dada zake. Mume anajiona ameshtakiwa bure, anazidi kunyamaza, au anakwenda kununua vidonge vya mitaani ambavyo vyaweza kumdhuru moyo. Nyumba yavunjika kwa kosa la uzinzi ambao haukuwako. Kilichokuwako ni sukari na kimya.

Ndugu mume, mficha maradhi, kilio kitamfichua. Mwambie mkeo. Neno "sijisikii sawa, nisaidie" halipunguzi uanaume wako. Ndugu mke, kabla ya kushtaki, uliza. Kisha nendeni pamoja kliniki, pengine ile ya Hospitali Kuu ya Pwani, ambayo wengi wetu twaiita tu Makadara. Mwelezeni daktari wazi wazi, maana amesikia mambo hayo mara nyingi kuliko mnavyodhani, na msaada uko. Wakati mnasubiri, kumbukeni kwamba kushikana mkono na kulala kifuani ni lugha ya ndoa pia.

MGONJWA ASIHUKUMIWE

Katika Injili ya Yohana, sura ya tisa, wanafunzi walipomwona kipofu walimuuliza Bwana ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu alikataa kujibu kwa kidole cha lawama. Alimponya. Basi mtu akiisha kuugua, mafundisho yote niliyoandika hapo juu juu ya uzembe yawekwe kando. Yalikuwa ya kinga, si ya hukumu. Mwenzi aliyelala hospitali hahitaji kuambiwa "nilikuambia." Ahitaji uji usio na sukari na mtu wa kumshika mkono.

Hasa msimlaumu mzazi wa mtoto mwenye aina ya kwanza, wala msiseme amerogwa. Zamani mtoto wa namna hiyo alikufa. Mwezi Januari 1922, huko Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa anakaribia kufa alichomwa insulini, akawa mtu wa kwanza kutibiwa kwayo. Mmoja wa waligunduzi wake, Frederick Banting, alizaliwa tarehe 14 Novemba, na ndiyo maana tarehe hiyo ni Siku ya Kisukari Duniani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, afundisha kwamba Bwana ndiye aliyemwumba mganga na kuotesha dawa katika ardhi. Kwa hiyo mtu akikuombea vizuri kisha akakuambia uitupe insulini yako, pokea sala, usiipokee amri. Kuacha dawa si kumwamini Mungu, ni kumjaribu.

Na Kwaresima ijapo? Sheria ya kufunga, ile ya Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, huwahusu wenye miaka 18 hadi 59, na mgonjwa hafungwi nayo. Jirani zetu Waislamu nao wana ruhusa kwa mgonjwa wakati wa Ramadhani. Atumiaye insulini au vidonge akikaa bila kula, sukari yaweza kushuka ghafula, akatoka jasho, akatetemeka, akachanganyikiwa. Hapo, kama aweza kumeza, mpeni upesi kinywaji chenye sukari. Kwa saa hiyo sukari ndiyo dawa. Mgonjwa na auulize ushauri wa daktari wake kwanza, kisha amtolee Bwana sadaka nyingine. Lakini sisi wazima tusisahau kwamba Kanisa lilitufundisha kiasi zamani sana, kabla ya mashine ya kupimia sukari. Anayefunga kweli siku 40, kisha Pasaka akala kana kwamba alipie deni, hajajifunza kitu.

MWISHO

Basi tulijibu swali letu. Mwili wako, wewe uliyefunga ndoa, ni wako. Lakini ni wako kama nyumba ya urithi ilivyo ya mtu. Waishi ndani yake, lakini huwezi kuiuza wala kuiacha ianguke bila kuwaumiza waliomo. Mungu amekukabidhi, na altareni ukamkabidhi mwenzako. Yeye hana haki ya kukutawala, ila ana haki ya kukuhitaji. Haki hiyo ndiyo imeketi nawe mezani kila jioni, ikikutazama ukipakua.

Jumapili hii, kabla ya kulala, zimeni televisheni, wekeni simu mbali, mjadiliane maswali haya:

1. Mara ya mwisho kila mmoja wetu kupimwa sukari ilikuwa lini? Kama hatujapimwa, tutakwenda siku gani?
2. Katika ukoo wako au wangu, nani amewahi kuugua kisukari?
3. Ni kitu gani kimoja tutakachopunguza mezani mwezi huu, sote wawili pamoja na watoto?
4. Je, kuna jambo la afya ambalo nimekuficha kwa aibu?

Swali la nne likileta machozi, msiogope. Shikaneni mikono, msali Baba Yetu, na kesho yake mwende kliniki mkiwa wawili.

Familia Takatifu ya Nazareti iwaombee.